Mrija wa Ma Kemilembe

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja, mtoto wa miezi minane mgongoni na meno yangu yote kinywani. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize. Barua inasema nimepunguzwa kazini kwa manufaa ya umma. Umma huo naujua vizuri, nimekagua vyoo vyake kwa miaka kumi na mmoja.

Nawaandikia ninyi mliobaki ofisini, na wengine mtakaoletwa kutoka chuoni na mashati yaliyopigwa pasi. Vyeo sitavieleza kwa sababu sikupewa. Mshahara mnaujua, hauna hadithi. Nitaeleza kazi, na jambo moja nililolifanya kwa mwandiko wangu mwenyewe, ambalo hamtalikuta kwenye faili lolote.

Nilitoka Nshamba nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya miezi sita. Vita ya Uganda ilikuwa imekwisha mwaka uliotangulia. Bukoba mjini bado watu walikuwa wakisikia mlio wa lori tu wanatazama juu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Ta Ishengoma, bwana afya wa siku nyingi, mtu mwenye baiskeli ambayo sikuwahi kumwona ameipanda. Aliisukuma tu. Mdomoni hakukosa punje ya kahawa ya kutafuna, na alikuwa na pua ambayo serikali ilipaswa kuilipa peke yake.

Nilivaa koti jeupe jipya, nikashika daftari mbele kama ngao. Akaniuliza, "Unakwenda wapi?"

"Kukagua, mzee."

"Kwa mlango gani?"

Nikamwonyesha mlango wa duka, huo wa mbele, mkubwa, wa mbao, wenye mwaka wa kujengwa juu yake kwenye saruji. Akacheka mpaka kahawa ikamtoka. "Mbele wamepaka chokaa kwa ajili yako. Nyuma hawana habari na wewe. Twende nyuma."

Basi mtaa ule wa zamani, nyuma ya soko, niliujua kwa mgongo kabla sijaujua kwa uso. Kila duka la Kihindi lilikuwa na ua, na kila ua ulikuwa na kisima, jiko, stoo na mlango wa kutorokea. Wenye maduka wengi walikwisha kuondoka, familia chache zilibaki. Mzee Kanji alibaki. Alikuwa na rafu kumi na mbili, na siku ile zote zilikuwa na viberiti, kimoja kimoja, vimeachana kama meno ya mtoto, ili duka lionekane limejaa.

"Karibu, bibi afya mpya," akaniambia. "Kagua tu. Ukiona panya niambie anakula nini, na mimi nikanunue huko huko."

Nilikuwa nimefundishwa kwamba duka la chakula lisilo na sabuni ya kunawia liandikiwe onyo. Nikaanza kuandika. Ta Ishengoma akanishika mkono. "Wewe gauni lako umelifua kwa kitu gani?" Nilikuwa nimefua kwa majani ya mpapai kama watu wote, sabuni haikuwepo mjini. "Basi futa," akasema. Nikafuta. Hilo ndilo onyo langu la kwanza, na nililifuta mwenyewe. Mke wa Kanji akatuletea kachori mbili kwenye kipande cha jani la mgomba. Mpaka leo sijala kachori kama ile, na unga aliutoa wapi sikumuuliza.

Soko lenyewe lilikuwa wazi kwa mvua na jua. Asubuhi akina mama wa Muleba waliteremsha ndizi kwenye malori, samaki wakaja kutoka ziwani, na msimu wa senene hapakuwa na pa kukanyaga kwa mabawa. Kazi yangu ilikuwa kugonga muhuri wa zambarau kwenye nyama, kutumbukiza kipimo kwenye maziwa nione maji yaliyoongezwa, na kuwafukuza waliokuwa wakiosha samaki kwenye mto Kanoni, chini ya choo. Siku moja nilimwambia bibi mmoja samaki wake wamelegea. Akamshika mmoja mkia, akamtikisa usoni kwangu. "Kaisiki, mtoto wa kike wewe, unanifundisha samaki? Mama yako alizaliwa nikiwa nauza."

"Na hawa samaki ni wa siku hiyo hiyo, bibi?"

Soko zima likacheka, yeye wa kwanza. Akawatupa. Nawaambia hili kwa sababu chuoni wanafundisha sheria ndogo, hawafundishi kwamba mtu akicheka atatupa samaki, na akiandikiwa faini atamficha chini ya kitenge.

Vilabu vya pombe Ta Ishengoma alivibakiza mpaka mwisho. Vilikuwa sita, nyuma ya mtaa, vinauza lubisi, pombe yetu ya ndizi. Cha kwanza alichonipeleka kilikuwa cha Ma Kemilembe, na kile hakikuwa na mlango wa nyuma. Palikuwa na ua mmoja wa mabati, mabenchi, vibuyu vimening'inizwa kichwa chini vikauke, na ukutani mtumbwi wa kukanyagia ndizi, ule wa kuchongwa gogo zima. Mume wake ndiye aliyekanyaga ndizi kwa nyasi, kwa sababu kwetu hiyo ni kazi ya wanaume. Yeye alichuja, akatia mtama, akafunika, na kesho yake akauza. Chini palifagiliwa mara tatu kwa siku. Nilihesabu inzi wawili, na mmoja niliingia naye mimi.

Hapo ndipo nilipoona namna wanavyoonja. Mnaotoka mbali hamjui, kwa hiyo someni polepole. Kibuyu kikiletwa, hakuna anayegusa. Muuzaji anakaa chini pamoja na wateja, anachukua mrija, anavuta funda la kwanza, anameza, anakaa kidogo. Halafu mrija ule ule anampa mkubwa wa benchi, na unazunguka. Maana yake inajulikana bila kusemwa: sikuwatilia kitu. Ma Kemilembe alikuwa akimeza, kisha anafungua mdomo wazi kama mtoto aliyekunywa dawa, wazee wanacheka, mrija unaondoka.

"Pombe ambayo mwenyewe hajaionja, usiipitishe," Ta Ishengoma akaniambia njiani. "Hilo haliko kwenye kitabu chako."

Alistaafu miaka michache baadaye akarudi kwao, akaniachia tochi, muhuri na mtaa.

Kisha ikaja ile miaka. Sitaieleza sana, mlikuwepo. Vitambaa vya magendo vilivyotoka Uganda, vile vilivyoitwa Juliana, vikaupa ule ugonjwa wa kukonda jina lao, kwa kuwa ilikuwa rahisi kutaja kitambaa. Kulikuwa na wiki ambazo sokoni hapakuwa na wauzaji, wote wako kuzika. Nyumba zikafungwa na migomba ikaota magugu. Mume wa Ma Kemilembe, aliyekuwa akiendesha lori la kahawa siku ambazo hakanyagi ndizi, akakonda mwaka mmoja akafa. Akabaki na watoto wanne na klabu. Shemeji yake akawa anakuja kila Ijumaa kutoka Izigo, anakanyaga, anarudi. Mama yule hakufunga hata wiki nzima. Alifagia mara tatu kwa siku kama zamani.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Kulitokea kuhara mjini. Si jambo la ajabu, mvua ilikuwa kubwa na visima vya zamani vilifurika. Kutoka juu ikaja amri: vilabuni kila mnywaji awe na mrija wake. Ilikuwa amri nzuri. Nilikuwa nimehudhuria semina mbili, na nilijua kinachopita kwenye mrija na kisichopita. Kuhara kunapita. Ule ugonjwa mwingine haupiti. Nilijua, na waliotuma amri walijua. Ila kwenye amri hakuna aliyeandika neno "kuhara". Iliandikwa "kwa ajili ya afya".

Nilikata karatasi sita nikaandika kwa mkono, herufi kubwa: KILA MNYWAJI AJE NA MRIJA WAKE. NI MARUFUKU KUPOKEZANA MRIJA. KWA AJILI YA AFYA. BIBI AFYA. Nikatoka. Niliyemwendea kwanza alikuwa Ma Kemilembe.

Nilijiambia kwamba ni kwa sababu klabu yake ni safi, wengine waige. Uongo. Vilabu vile vingine vitano vilikuwa na wenyewe wanaojuana na wakubwa, wa kunifukuza na gundi yangu. Nilianza kwa yule ambaye hangenibishia. Alinisaidia hata kuishika karatasi isipinde. "Mwandiko wako mzuri, waitu," akasema, neno letu la heshima.

Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Mchana ule ule homa ikanilaza, malaria, siku nne. Karatasi tano zikabaki kwenye mkoba chini ya kitanda changu. Kwa siku nne, katika mji mzima wa Bukoba, tangazo la mrija lilikuwa kwenye ukuta mmoja tu. Ukuta wa mjane.

Nilipopona nilikwenda moja kwa moja. Saa tisa mchana, saa ambayo mabenchi huwa hayana nafasi, palikuwa na wanaume watano, na kibuyu katikati yao kimejaa, hakuna aliyekigusa. Nilisimama kwenye bati la mlangoni nikasikia yote.

"Ma Kemi, onja basi tunywe," akasema mkubwa wao, mzee mwenye kofia ya pama.

"Naonja." Akainama kuchukua mrija.

"Aa! Usionje na huo wetu."

"Ninao wangu." Akautoa kwenye mkunjo wa kitenge.

"Tangu lini una wako?"

"Si amri hiyo ukutani? Mnajua kusoma."

"Tumesoma. Kwa nini iko kwako tu? Kule kwa wenzako haipo. Bibi afya anajua kitu."

"Basi sionji. Kunyweni."

"Tunywe ambayo mwenyewe hajaonja?" Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. "Umetia nini humo?"

Mmeona walivyomfunga? Akionja, anawaambukiza. Asipoonja, anawaua kwa sumu. Wanaume watano, ambao wawili kati yao mimi mwenyewe nilijua walikolala wiki ile, wameketi kumhukumu mwanamke aliyewapikia pombe miaka kumi bila hata mmoja kuumwa tumbo.

Niliingia. Sikusalimia mtu. Nikamwambia, "Ma Kemilembe, onja." Akanitazama. Akaonja kwa mrija wake. Nikaupokea ule ule kutoka mkononi mwake, nikakaa na tumbo langu kwenye benchi lao, nikavuta mpaka funda likajaa mashavuni. Nikameza. Nikafungua mdomo.

"Mawe! Mama yangu!" akasema mmoja. "Bibi afya, na hiyo mimba?"

"Kwenye semina walisema haupiti kwenye mrija. Wewe semina yako uliisomea kitanda gani?"

Mzee akavaa kofia. Wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyecheka. Siku ile nilijifunza kwamba kuna mambo watu hawatupi hata ukiwachekesha.

Nilibandika zile karatasi tano jioni hiyo hiyo, mbio mbio, kila klabu. Walizisoma wakasema nimezibandika ili kumficha. Na kwa kuwa nilikunywa mrija wa Ma Kemilembe, asubuhi sokoni wauza maziwa wakanitilia maziwa ya kupima kwenye kopo langu, si kwenye la kwao. Nyumbani mama mkwe alinitengea kikombe. Alikipaka alama ya rangi nyekundu chini, akakiweka peke yake juu ya kabati. Ninacho bado.

Mkuu wetu akaniita. Nilidhani ananiita kuhusu kuhara.

"Wananchi wana hofu," akasema.

"Tuwaeleze, Mkuu. Tuandike upya, tuweke neno kuhara. Nitazunguka mwenyewe nieleze."

"Hapana. Niandikie orodha ya akina mama wenye vilabu. Kabla ya kadi zao za afya kupigwa muhuri, walete majibu ya damu."

"Akina mama."

"Ndiyo."

"Na zile klabu mbili ambazo wenyewe ni wanaume?"

"Hao hawajalalamikiwa."

"Na wanaokunywa?"

"Wanaokunywa ni wateja, bibi. Usinipotezee muda."

Nilimwambia kadi ile ni ya minyoo na kikohozi, kipimo chake ni cha choo na makohozi, na hakuna mahali palipoandikwa damu. Nilimwambia kosa ni langu, siku nne zile ni zangu, aniandikie mimi onyo. Akasema hana haja ya kuniandikia onyo, anahitaji orodha. Sikuandika. Nilikaa pale na kalamu mkononi mpaka akachoka kunitazama. Mwenzangu mmoja, simtaji, anajijua, aliiandika kabla ya chakula cha mchana. Mwandiko mbaya, lakini ilitosha.

Ma Kemilembe hakuleta majibu. Alikuja ofisini amevaa vizuri, na kadi yake ya zamani, akaiweka mezani kwangu. Wenzangu wakatafuta kazi za kufanya kwenye faili.

"Kasinge, asante kwa kazi, bibi afya. Hii nairudisha. Isije ikasemwa nimekimbia nayo."

"Ma Kemilembe, nisamehe. Nilianza kwako."

"Najua ulianza kwangu," akasema. "Ulijua sitakufukuza."

Ijumaa ile shemeji yake alikuja, na badala ya kukanyaga ndizi akasaidia kupakia mtumbwi kwenye lori la kwenda Izigo. Uliwekwa juu ya magunia, na watoto wanne wakakaa ndani yake.

Mnataka kuniuliza kama alikuwa anaumwa. Kila ninayemsimulia ananiuliza hilo, na kila mara damu inanichemka. Sijui! Sikumuuliza na hakuniambia. Alikuwa na haki ya kuuza pombe safi akiwa mzima, na akiwa mgonjwa pia, kwa sababu pombe haikuwa inaumwa. Mkiona swali hilo ndilo lililobaki vichwani mwenu, basi nimepoteza wino.

Nilijifungua, nikarudi kazini, nikagonga nyama muhuri nikiwa na mtoto mgongoni. Halafu wakaja na upunguzaji wao. Mwezi uliopita nilikabidhi tochi, kipimo cha maziwa na muhuri. Nikatoka ofisini nikapita mtaa wote kwa mara ya mwisho, kwa nyuma, kama nilivyofundishwa. Mzee Kanji alinipa pipi ya mtoto, akauliza namwachia nani amkague sasa, panya?

Klabu ya Ma Kemilembe ameipanga bwana mmoja anayeuza bia za chupa na soda. Choo chake ningekifunga siku hiyo hiyo kama ningekuwa bado na muhuri. Ukutani karatasi yangu ilikuwepo bado, imepauka, herufi zinasomeka. Nikaanza kuibandua kwa kucha.

"We mama! Iache hiyo. Ni ya serikali."

"Ni mwandiko wangu."

"Iache, inanisaidia. Watu wakiiona wanajua serikali ilimwondoa yule mama, wanakaa kwa amani."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, mtoto akaamka akaanza kulia, na karatasi nikaitoa yote, na chokaa yake.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Izigo. Nilimkuta Ma Kemilembe shambani anapalilia maharage chini ya migomba. Amekonda? Alikuwa mwanamke anayelima, mnataka anenepe? Akamtazama mtoto, akamshika mguu, akaniongoza barazani. Mtumbwi uko pale pembeni, umeloa, shemeji bado anakanyaga. Akaleta kibuyu na mrija mmoja, akaviweka mbele yangu. Nikasubiri aonje.

Hakuonja. Alikaa, mikono magotini.

"Leo onja wewe kwanza," akasema.

Nilielewa. Mtu anayeonja kwanza ni yule anayedaiwa uthibitisho. Nikavuta, nikameza, nikafungua mdomo wazi mpaka mwisho, akachungulia ndani kwa makini, kama ninavyochungulia mimi kwenye masufuria ya watu. Kisha nikamnyooshea mrija.

Akauangalia. Akaingiza vidole kwenye mkunjo wa kitenge chake, akatoa mrija wake.

"Amri yako bado naifuata, waitu," akasema, na hakuwa akitania.

Tukanywa hivyo, mirija miwili, kibuyu kimoja. Sikumwomba autupe. Tulipomaliza nilimpa ile karatasi. Aliigeuza upande mweupe, akakwangua chokaa, akaona bado ni nzuri, akamwita binti yake mkubwa aipeleke shule, aifanyie hesabu.